Ngoma Inataka Wenyewe

Wenye mji wa Bagamoyo, maneno haya nawaandikia ninyi kwanza. Watu wa miji mingine yenye vyuo na makumbusho wakiona yanawafaa, nao wayachukue. Mnacho chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mnalo tamasha lililoanza 1982, ambalo vikundi vya mikoani na vya nchi za nje hulijia. Mnayo makumbusho ya Misheni Katoliki, mnayo magofu ya Kaole, mnazo nyumba za mawe ambazo mwanafunzi wa historia husafiri mbali ili azione. Lakini ukimsimamisha kijana wa Magomeni au Nianjema ukamuuliza kama amewahi kuketi mbele ya jukwaa la chuo, usishangae akikujibu kwamba yale ni mambo ya wageni.

Jibu hilo tusiliache lipite. Kijana hasemi kwa dharau, anasema alichokiona. Amekua akiona kamera viti vya mbele, na hakuna mkubwa wa nyumba yao aliyewahi kumshika mkono akamwingiza langoni. Hata hivyo, neno likisemwa na baba, likarithiwa na mwana, mwisho huwa kweli. Na siku litakapokuwa kweli kabisa kwamba sanaa ya Bagamoyo ni mambo ya wageni, chuo kitakuwa kimepoteza kitu ambacho hakuna mfadhili awezaye kukinunua, nacho ni mtazamaji anayejua.

Simkatai mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema, na mji huu umekula kwa mkono wa mgeni tangu enzi za misafara. Lakini mgeni ana udhaifu mmoja asioweza kuuepuka: hupiga makofi kwa kila kitu. Ngoma ikipigwa vizuri atashangilia, ikipigwa ovyo atashangilia vilevile, kwa kuwa hana cha kulinganishia. Msanii kijana akishangiliwa hivyo mwaka hadi mwaka, ataanza kuamini kwamba amefika, kumbe hajatoka hata nyumbani.

Mtazameni mpiga ngoma kabla ya onyesho. Huwasha moto mdogo wa makuti au nyasi kavu nyuma ya uwanja, akailaza ngoma ngozi ikielekea joto, kisha akaigonga kwa vidole na kutega sikio. Bado. Anaigeuza, anangoja, anaigonga tena ukingoni, halafu katikati. Ngozi inakaza polepole, na sauti inapanda kutoka kwenye ule mlio mzito wa kulegea hadi ikawa kavu na safi. Ndipo anaibeba mbio kuipeleka kwa wenzake kabla haijapoa. Mgeni akiyaona hayo hupiga picha ya moto. Mzee aliyekulia ngomani husikiliza ngozi, na ngoma ikiletwa uwanjani haijaiva, yeye atajua kabla mchezaji hajainua mguu. Atanung'unika, jirani yake atamsikia, nong'ono litazunguka, na kijana aliyefanya haraka motoni hatarudia tena. Hiyo ni shule ambayo haimo katika darasa lolote.

Pwani yetu ilikuwa na watazamaji wa namna hiyo, tena wakali. Siku za ngoma ya beni, mwanzoni mwa karne iliyopita, watu wa kundi la Marini na watu wa kundi la Arinoti walishindana kwa mavazi, kwa hatua, kwa tarumbeta na kwa mashairi ya kupigana vijembe, na mji mzima ulikuwa hakimu. Hakuna aliyesema ngoma hiyo ni ya fulani, mimi hainihusu. Kila mtu alikuwa na upande wake. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoanzishwa 1905, kilikomaa mbele ya masikio yaliyojua kinanda kimekosea wapi. Tanga walipokuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mashabiki waligawanyika kama wa mpira wa miguu, na ushindani huo ndio uliowanoa waimbaji. Msanii wa pwani hakuogopa ukumbi mtupu peke yake. Aliogopa pia ukumbi uliojaa watu wanaojua.

Nanyi wa Bagamoyo mnao ushahidi wenu, wa karibu zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huku Mrima, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo ngoma zinaelezwa na mtu aliyezijua kwa ndani: nani huzicheza, wakati gani, kwa sherehe ipi. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, mwenyeji wa sehemu hizi aliweza kukaa ughaibuni na kuziandika ngoma za kwao, tena kwa lugha ya kwao. Je, leo ni wangapi kati yetu wanaoweza kumweleza mtoto tofauti ya mdundiko na sindimba? Chuo hakiwezi kubeba mzigo huo peke yake.

Mtu ataniambia: lakini chuoni hufundishwa ngoma za nchi nzima, bugobogobo ya Wasukuma, lizombe ya Wangoni, muheme wa Wagogo, mtu wa Bagamoyo atazihukumu vipi? Nami namjibu, aangalie damu ya mji huu. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika hapa kwa maelfu kila msimu wa misafara, wakapiga kambi, wakacheza ngoma zao, wengine wakaoa wakabaki. Wamanyema walifika, Wazaramo, Wakwere na Wadoe walikuwapo, na Washomvi na Waarabu na Wahindi walifanya biashara mtaa mmoja. Kama kuna mji wa Tanzania wenye haki ya kuziita ngoma za bara kuwa zake pia, ni huu. Kaulizeni nyumbani mwenu bibi zenu walitoka wapi.

Mfikirieni marehemu Hukwe Zawose. Alizaliwa Ugogoni, mkoani Dodoma, akajifunza zeze na ilimba kwao, akaingia katika kundi la taifa la ngoma la baada ya uhuru, kisha akawa mwalimu Bagamoyo chuo kilipoanza. Dunia ilimsikia, lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa muziki wake, na alipiga katika kumbi za mabara mengi. Alipofariki mwaka 2003 aliacha Bagamoyo ukoo mzima wa wapigaji na waimbaji, na wanawe na wajukuu wake wanaendeleza kazi. Naomba tulizingatie hilo. Sauti ile iliyowashangaza Wazungu ilikuwa imeshapimwa Ugogoni na watu waliokuwa wakiimba nyimbo zilezile, watu wasiodanganyika. Makofi ya Ulaya yalikuja baadaye.

Mcheza kwao hutunzwa. Sasa mwanafunzi aliyetoka Kigoma, Songea au Mwanza akaja kusoma Bagamoyo, kwao ni wapi kwa ile miaka ya masomo? Ni hapa. Basi ni ninyi mnaopaswa kumtunza, na kumtunza kwa desturi yetu kuna macho ndani yake: mtu huinuka na noti yake pale alipoguswa, na asipoguswa hukaa. Kijana akicheza jioni nzima pasipo mtu kuinuka, amepewa habari kubwa kuliko alama za mtihani. Mnyimeni yote mawili, tuzo na ukimya, naye atabaki kuwachezea wapita njia.

Nije kwenye makumbusho, maana huko hali haina tofauti. Msafara wa mwili wa mpelelezi David Livingstone ulifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya takriban miezi tisa njiani kutoka Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Watalii wengi huja misheni kwa ajili ya jina hilo moja, na wanaondoka wameridhika. Lakini mwenyeji akiingia mahali pale ana swali jingine la kuuliza: na waliombeba? Chuma na Susi tunawajua kwa majina. Wengine waliopokezana mzigo ule porini ni nani, walilipwa nini, walikwenda wapi walipoutua? Swali la namna hiyo likiulizwa mara nyingi, na watu wengi, hubadilisha kinachowekwa kabatini na kinachoandikwa ukutani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni mwaka 1868 waliwakusanya hapo watumwa waliokombolewa. Wazao wa watu hao si watu wa vitabuni, yawezekana mnasali nao na mnanunua samaki nao. Minyororo iliyohifadhiwa makumbusho ni ya babu za mtu. Mtoto wa Dunda aufikie umri wa kuoa hajawahi kuiona, ilhali mwanafunzi wa Stockholm ameiona na ameiandikia insha? Hapana, wazazi wangu, hilo halikubaliki.

Na Kaole vivyo hivyo. Wapo wenyeji wanaokwenda kule kuzuru makaburi na kuomba dua, na hao wanalijua gofu lile kwa namna ambayo kibao cha maelezo hakiwezi kueleza. Walezi wa mahali kama pale wawasikilize. Vipande vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa ardhini vinaonyesha biashara ya bahari. Dua za kina mama zinaonyesha kwamba mahali pale hapajafa. Maelezo yote yaandikwe Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa na lugha ya watu, ndipo lugha nyingine zifuate.

Liko pingamizi la heshima na dini, nami silipuuzi, kwani Bagamoyo ni mji wa elimu ya dini. Wazazi wengine huona uwanja wa ngoma ni mahali pa kuharibikia watoto. Wana haki ya kuchunga wanao, na chuo kina wajibu wa kuwahakikishia kwamba jioni ya sanaa ni jioni ya adabu. Hata hivyo nawakumbusha jambo moja. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtumwa, akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa twarika ya Qadiriyya hadi alipofariki mwaka 1931, na maulidi yake yalileta Bagamoyo umati kutoka pwani na bara. Silinganishi maulidi na ngoma. Kila kimoja kina mahali pake. Nasema tu kwamba mji huu unajua kuandaa shughuli kubwa kwa mikono yake wenyewe: nani apokee wageni, nani atoe mchele, mikeka itandikwe wapi, watoto wasimamiwe na nani. Wala hakuna aliyesubiri bajeti ya wizara. Ustadi huo mnao bado. Tamasha la sanaa linauhitaji.

Kuhusu kiingilio, nitasema kwa ufupi. Fundi baiskeli na muuza samaki wasiwekewe bei ya mtalii, na watoto wa shule wa wilaya waingie bure siku zilizotengwa.

Lakini nikiwahimiza wenyeji peke yao nitakuwa nimewaonea. Chuo nacho kina sehemu yake, na si ndogo. Wazaramo wana mdundiko, ngoma isiyokaa mahali pamoja. Huanzia uani kwa mtu, ikatoka barabarani, ikapita mtaa huu na ule, na kila inapopita inaongeza watu: mama anaacha jiko, kijana anaacha bao, na watoto wanaifuata mpaka wanajikuta mtaa wasioujua na jioni wazazi wanazunguka kuwatafuta. Yeyote aliyekulia Dar es Salaam ya zamani anakumbuka kugombezwa kwa sababu ya mdundiko. Ngoma hiyo haikungoja watazamaji waje, iliwazoa. Walimu wa chuo, mnaifundisha ngoma hii. Basi ifuateni na tabia yake. Tokeni langoni mara moja kila mwezi, si wiki ya tamasha peke yake. Nendeni mnada wa samaki asubuhi na igizo la robo saa. Wachoraji wenu wapake rangi kuta za shule za msingi, watoto wakiwa wameshika brashi pamoja nao. Wanasarakasi wafanye mazoezi ufukweni mahali ambapo vijana wa mji wanaweza kusogea na kujaribu.

Kisha lifanyeni hili, ambalo halina gharama ila viti kadhaa na chai. Siku ya mtihani wa ngoma, pamoja na wakufunzi, waiteni wazee wa mjini: mpiga mdundiko wa zamani, bibi wa Kikwere anayejua nyimbo za unyago zinazoweza kuimbwa hadharani, Msukuma aliyehamia Magomeni, fundi wa kuwamba ngoma. Wakalishwe mstari wa mbele. Baada ya kila onyesho wapewe nafasi ya kusema walichokiona, pazuri na pabaya, na mwanafunzi asimame palepale awajibu, au achukue ngoma yake arudi nayo motoni.