Majina ya Stesheni Moja ya Berlin

Wapo wanaodai kwamba jina la stesheni ya treni ni kibao tu cha kumwonyesha abiria mahali pa kushukia. Historia ya stesheni moja ya chini ya ardhi mjini Berlin inakanusha dai hilo.

Ilifunguliwa mwaka 1908, ikaitwa Kaiserhof kwa jina la hoteli ya fahari iliyokuwa jirani. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu majeshi ya Kaisari yazime Vita vya Majimaji. Na ni hapo karibu, katika mtaa wa Wilhelmstraße, ambapo Bismarck aliwakusanya mabeberu kuanzia 1884 wakae kujadili Afrika bila ya Mwafrika hata mmoja barazani. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Carl Peters akapewa hati ya Kaisari ya kumiliki Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami.

Mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki iliipa stesheni hiyo jina la Ernst Thälmann, kiongozi wa wafanyakazi aliyeuawa na Wanazi mwaka 1944. Mwaka 1986 ikaitwa kwa jina la Otto Grotewohl, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Ujerumani ilipoungana, jina hilo nalo likang'olewa. Na badala yake, mwaka 1991, likawekwa jina gani? Mohrenstraße, mtaa wa "Mohr", neno la kale la Kijerumani la kumwita mtu mweusi, neno lenye harufu ya utumwa!

Watu weusi wa Ujerumani na wenzao walilipinga kwa miaka mingi. Mwaka 2020 shirika la usafiri lilitaka kuweka jina la Glinka, mtunzi wa muziki wa Kirusi, likaliacha baada ya mtunzi huyo kutuhumiwa kuwachukia Wayahudi. Hatimaye, Agosti 2025, mtaa ulioipa stesheni jina ukaitwa Anton Wilhelm Amo, ingawa hadi dakika za mwisho wapo waliokimbilia mahakamani. Walilalamika kwamba historia inafutwa. Je, mwaka 1991, walipomfuta Grotewohl, haikuwa historia?

Amo alizaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo. Alipelekwa Ulaya akiwa mtoto, akatolewa zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel. Mwaka 1729, katika Chuo Kikuu cha Halle, alitetea hoja juu ya haki za watu weusi waishio Ulaya. Andiko lenyewe limepotea.