Motokaa Mpya au Iliyokwisha Tumika?



Mwezi huu nimeletewa barua na ndugu mmoja akaaye huku kwetu pwani. Ni karani wa duka, ana mke na watoto watatu, na mama mzee ambaye hapana budi apelekwe hospitali mara mbili kila juma. Asema amechoka kumpakia mama yake katika matatu alfajiri, na teksi zaumaliza mshahara wake. Ameweka akiba miaka sita. Fedha alizo nazo zatosha kununua motokaa ndogo iliyokwisha tumika, au kutanguliza malipo ya kwanza ya iliyo mpya, kisha alipe kidogo kidogo kwa miaka mitano. Mkewe ataka ile ya kwanza. Nduguze wamwambia kwamba kununua motokaa kuukuu ni kununua maradhi ya mtu mwingine. Aniuliza: "Maalim, nifuate kauli ya nani?"

Wazee wetu walisema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na wao hao walisema, Rahisi ghali. Basi kila upande una methali yake, na methali peke yake haitamwondolea ndugu yetu dhiki. Mimi si fundi wa motokaa. Ni mwalimu wa chuo. Lakini nimepata kununua moja na kuiuza, na katika mambo hayo mawili nilijifunza jambo ambalo kwanza nilikuwa nikilisomesha tu.

Tumtendee haki kwanza anayesema mpya. Motokaa mpya haijapitia mkono wa mtu, nayo huja na dhamana ya mwenye kiwanda: likiharibika jambo katika muda uliowekwa, atalitengeneza yeye. Huo ni utulivu mkubwa kwa mwenye mgonjwa nyumbani. Lakini motokaa si shamba la minazi. Haizai, bali thamani yake hupungua mwaka hata mwaka, na kupungua kukubwa huwa katika miaka ya mwanzo. Siku itokapo dukani na kuandikwa jina la mnunuzi, imekwisha kuwa iliyotumika, hata ikiwa karatasi za plastiki za viti hazijabanduliwa. Hasara hiyo ya kwanza humwangukia yeye aliyeinunua mpya.

Juu ya hayo kuna deni. Mkopo wa riba hukumu yake yajulikana, wala sina haja ya kuirefusha. Ipo njia ya halali: tangu mwaka 2008 zimekuwako Kenya benki zinazoendesha kazi zao zote kwa sharia. Katika murabaha, benki huinunua motokaa kwanza ikawa mali yake na dhima yake, kisha humwuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, isiyozidi hata akichelewa kulipa. Lakini jambo kuwa halali si kuwa jepesi. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mzigo wa deni ndani ya Sala yake. Karani ambaye mshahara wake tayari waliwa na teksi, atafanya nini akipunguzwa kazini katika mwaka wa tatu wa deni? Motokaa itachukuliwa, na mama atarudi katika matatu.

Sasa tuitazame iliyokwisha tumika. Nyingi katika motokaa ndogo tuzionazo barabarani, Vitz, Passo, Demio na Fit, zilitembea kwanza Japani, ambako usukani ni wa kulia kama kwetu. Sheria ya huko hutaka motokaa mpya ikaguliwe baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Ndiyo sababu moja ya watu wengi kuziuza zingali na nguvu. Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyopita umri wa miaka 8. Tanzania huiruhusu, lakini iliyozeeka hutozwa kodi zaidi.

Aghalabu huuzwa mnadani hukohuko Japani, na mnadani huandikiwa karatasi yenye daraja yake na kilomita ilizokwenda. Daraja ya 4 ni nzuri. Herufi R ni ishara kuwa ilipata kugongwa ikatengenezwa. Iombe karatasi hiyo, na uilinganishe na nambari ya chesisi, kwani kuna wanaoighushi, kama wapo wanaorudisha nyuma mita ya kilomita.

Nenda kuitazama asubuhi, injini ingali baridi, wala usikubali kuikuta imekwisha washwa. Moshi wa buluu ni dalili ya kuchoma oili. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mfano wa maziwa, huenda maji yameingia mahali pasipo pake. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu nne. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019, na tairi iliyozeeka ni hatari hata ikiwa meno yake yangaliko. Nyingi za motokaa hizi zina giaboksi ya aina ya CVT, ambayo hutaka oili yake maalumu. Akitia fundi oili ya kawaida, imekwisha. Kwa hiyo nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, wala si fundi wa muuzaji.

Nayasema haya kwa kuwa mimi sikuyafanya. Niliinunua motokaa yangu kwa shilingi 480,000 kutoka kwa mtu ambaye sitamtaja, jioni, injini ikiwa moto, kwa kuwa ilikuwa safi na muuzaji ana maneno matamu. Mwezi wa nne giaboksi ilianza kusitasita mlimani, na taa ya onyo ikawaka. Fundi alinieleza kuwa ugonjwa huo ulikuwamo kabla yangu, na kwamba ile taa ilikuwa imefutwa kwa chombo kabla sijaletewa. Nilihuzunika sana, na nikamlaani moyoni yule aliyeniuzia.

Nilipoazimia kuiuza, dalali alinishauri jambo lile lile. "Maalim, tuifute taa. Itachukua siku kadhaa kuwaka tena, na hapo pesa zimo mfukoni." Ndugu zangu, sitawaficha: sikumjibu mara moja. Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Nilijiambia kuwa mimi nami nilidhulumiwa, na kwamba mnunuzi ana macho yake. Usiku ule mke wangu aliniuliza jambo moja tu: "Kesho watoto wa chuoni utawasomesha mlango gani?" Ulikuwa mlango wa biashara.

Katika mlango ule imo habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono katika fungu la chakula, akakuta chini mmelowa. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka umajimaji ule juu, watu wauone, na akatangaza kuwa mwenye kughushi hana fungu pamoja naye. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa si muuzaji peke yake apasiwaye kuieleza aibu ya mali, bali hata mtu wa kando anayeijua. Na mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa, ana hiari ya kuirudisha. Maneno ya "nunua kama ulivyoiona" hayamwondolei muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akaificha.

Basi nikamwambia mnunuzi habari yote, nikampa na jina la fundi wangu. Aliichukua kwa shilingi 90,000 chini ya bei niliyoitaka. Fedha zile nilizihitaji, wala sikuzipata mahali pengine. Lakini kila nikutanapo na mtu yule msikitini, twapeana mikono.

Sasa narudi kwako, ndugu yangu mwenye barua. Jawabu langu ni kauli ya mkeo, lakini kwa masharti. Usitoe akiba yako yote. Nunua iliyo ya bei ya chini kidogo, na sehemu ya tano ya fedha uiweke kando kwa tairi, bima na fundi, kwani iliyokwisha tumika hapana budi itadai haki yake. Mpeleke mama yako aijaribu kabla hujalipa, uone kama aweza kuingia na kutoka bila ya maumivu. Motokaa yanunuliwa kwa ajili yake. Mwulize muuzaji mbele ya mashahidi wawili aibu aijuayo, na muiandike katika hati ya mauzo. Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu. Na usipoipata iliyo njema, subiri. Teksi ya miezi mitatu ni nafuu kuliko majuto ya miaka mitatu.

Ama nduguzo wasemao kuwa wanunua maradhi ya mtu, waambie kuwa maradhi yaliyoelezwa hutibika. Yanayoua ni yaliyofichwa, na deni nalo ni maradhi, ijapokuwa huja limepakwa rangi mpya. Na siku utakapoiuza wewe, ukumbuke kuwa katika ununuzi ule mwingine wewe ndiwe utakayeulizwa.

Mwenyezi Mungu amponye mama yako, akutilie baraka katika kidogo chako, na atujaalie sote kuwa wakweli tununuapo na tuuzapo. Amin.