Mstari wa Katikati

Imekuwa desturi mbaya madarasani mwetu kuigawa hadithi kama mtu agawavyo nafaka: mgogoro wa nje debe hili, mgogoro wa ndani debe lile. Juzi hapa Kijenge kijana mmoja alinionyesha daftari lake. Amepiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto "ndani", kulia "nje", naye amepewa alama zote. Mimi ningalimpa sifuri, na mwalimu wake vilevile.

Na tuutazame mlima huu tuuonao kila asubuhi ukijitoa mawinguni. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, na katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea likakosa theluthi mbili za kura. Mwenye daftari atayaandika yote haya kulia. Lakini mwandishi atakaye kuyafanya hadithi atakwama papo hapo, maana askari na moto ni habari ya gazeti. Hadithi yaanza kwa mzee asimamaye mlangoni pake, naye ameamriwa ahamie Kingori: akienda, amekiri kwamba ardhi si yake; akikaa, wanawe watalala nje. Je, mgogoro huo ni wa upande gani? Askari yumo kifuani mwake kabla hajafika uani.

Wako pia wamlaumuo Euphrase Kezilahabi kwamba amejifungia nafsini mwa wahusika wake. Sikubaliani nao hata chembe. Katika *Rosa Mistika* (1971) kipigo cha Zakaria chamwangukia binti yake mara moja, lakini hakimtoki tena. Hata awapo mbali na baba yake, Rosa aenda nacho. Nje ameupata uhuru, na ndani hajui autumieje. Mwondoe Zakaria, huna Rosa. Iondoe nafsi ya Rosa, Zakaria abaki mlevi tu, na walevi tunao wa kutosha.

Yule kijana nilimsihi aufute mstari wake. Alikaa kimya kitambo, akalitazama daftari, akanitazama na mimi. Kisha akalifunga. Mtihani u karibu, akasema, na mstari huo ndio uletao alama.