Drogba ametundika daluga, deni limebaki

Didier Drogba alipotundika daluga mwaka 2018, nilihuzunika kama shabiki yeyote. Nilikumbuka usiku wa Munich mwaka 2012: kichwa chake cha dakika ya 88 kilichoisawazishia Chelsea, kisha penalti yake iliyoleta kombe.

Hata hivyo, kumbukumbu ninayoithamini zaidi si ya bao. Oktoba 2005, baada ya kuifunga Sudan na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, wachezaji wa Cote d'Ivoire walipiga magoti mbele ya kamera, na Drogba akawasihi wananchi wenzake waweke silaha chini. Nchi yao ilikuwa imegawanyika tangu 2002. Mwaka 2007 timu hiyo ilicheza Bouaké, ngome ya waasi, ikaifunga Madagascar 5-0.

Tangu hapo tumezoea kusema kwamba Drogba alimaliza vita. Nami niliwahi kusema hivyo darasani. Sisemi tena. Baada ya uchaguzi wa 2010, Rais Laurent Gbagbo alikataa kukubali kushindwa. Mapigano yakarudi na kuua takriban watu 3,000. Drogba alikuwa bado uwanjani, na sauti yake ilikuwa ileile.

Kumsifu mchezaji kwa kuhimiza amani ni haki yake. Kumwachia yeye kazi ya kuilinda ni kukwepa wajibu wetu. Mchezaji huzeeka, akaaga. Katiba, mahakama na tume ya uchaguzi hazipaswi kuwa na siku ya kutundika daluga.