Kamba na daftari vitaokoa visima vyetu

KIANGAZI kinapokolea katika mikoa ya Mbeya na Iringa, foleni za ndoo visimani hurefuka na mkulima wa bustani hukuta pampu yake inavuta tope. Wengi hulaumu mvua. Ni wachache wanaoweza kusema maji ya kisima chao yameshuka kwa kiasi gani, na tangu lini.

Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, kila aliyepita aliona. Maji ya chini ya ardhi hupungua bila mtu kuona.

Maeneo makavu kama Ismani na Chunya kwa sehemu kubwa yamekalia mwamba mgumu. Maji hukaa katika tabaka la juu la mwamba lililolegea na katika nyufa tu. Ghala hilo ni dogo, na mara nyingi majirani huchota humo humo. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 hubeba takriban lita 785 kwa kila mita ya kina cha maji, yaani hata mapipa manne hayatimii. Pampu ndogo ya petroli huyamaliza kwa dakika chache.

Faida ya kupima tunaiona Makutupora, mkoani Dodoma, kwenye visima vinavyohudumia mji huo. Huko kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo zimeonyesha kuwa ghala halijazwi sawasawa kila mwaka, bali zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Kwa maneno mengine, maji tunayochota leo huenda ni akiba ya mvua za miaka iliyopita.

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Chukua kamba isiyovutika yenye uzito mwishoni, weka alama moja ya kudumu kwenye mdomo wa kisima, kisha pima alfajiri kabla ya mtu kuchota, siku ile ile kila wiki. Andika tarehe na kipimo. Ukiona mwisho wa mvua maji yako chini kuliko mwaka jana wakati kama huo, punguza eneo la nyanya au vitunguu kabla hujanunua mbegu. Mfanyabiashara anayekopesha pembejeo naye aombe kuliona daftari hilo.

Tunazishauri serikali za vijiji zichague angalau kisima kimoja cha kupimwa daima. Bodi za maji za mabonde ya Rufiji na Ziwa Rukwa nazo zipokee vipimo hivyo na kurudisha majibu kwa wananchi, kwa lugha wanayoielewa.

Akiba isiyohesabiwa huisha bila taarifa. Tuanze kupima sasa.