Simu ya Kikundi Isiwe ya Mtu

Mwezi huu naomba tuweke kando chanjo na homa za watoto, tuzungumze juu ya simu. Akina mama wengi hapa Bariadi sasa wana ofisi ndogo: ya ushonaji, ya kuweka na kukopa, ya kuuza chakula cha kuku. Chumba wanakipata, meza wanainunua, lakini namba inayoandikwa mlangoni huwa ya mmoja wao.

Ndivyo tulivyofanya sisi wa kikundi cha kanisani. Kwa miaka mitatu namba yetu ilikuwa ya mweka hazina. Kisha mumewe akahamishiwa Maswa, naye akaenda na simu yake, kama ilivyo haki. Wiki ya pili mwanachama wetu wa Dutwa akalazwa. Mdogo wake akapiga ile namba kuomba fedha za mfuko wa dharura. Simu imezimwa, na fedha zenyewe zimo ndani ya laini hiyo hiyo. Nilikuwa zamu wodini siku ile. Nilimwona yule binti akiazima kwa watu watatu asiowajua. Dada yake alipona, lakini aibu ile sijaisahau. Na kosa halikuwa la mweka hazina, lilikuwa letu sote tuliotaka urahisi.

Tukaanza upya. Laini ikasajiliwa kwa jina la kikundi. Mjiandae na cheti cha usajili, namba ya mlipakodi, na kitambulisho cha taifa cha mwakilishi mliyemteua, maana atawekwa alama za vidole.

Katika kuchagua kampuni, msikimbilie kifurushi cha bei nafuu. Tuliazima simu zenye laini tofauti tukakaa nazo pale pale penye meza, asubuhi na jioni, na siku umeme ulipokatika. Mtandao unaoshika vizuri barabarani huweza kupotea chini ya bati. Halafu tukawauliza wanachama wa vijijini wanatumia laini gani, na wakala wa kutolea fedha yupo umbali gani. Majibu yao yalitusaidia kuliko matangazo yote. Mkikosea bado mnaweza kurekebisha: tangu Machi 2017 mtu huhama kampuni akabaki na namba yake, hivyo hamtafuta rangi mlangoni.

Chombo chenyewe ni kitochi cha vitufe, kinachokaa na chaji siku kadhaa. Kinalala ofisini kwenye droo. Simu ya ofisi ikilala kwako itaita saa tano usiku, na baba wa nyumba naye ana haki ya kuuliza.

Fedha za kikundi zisitegemee namba ya siri ya mtu mmoja. Zipo huduma za vikundi, kama M-Koba iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki ya TPB, ambayo sasa ni TCB. Humo fedha hazitoki mpaka viongozi wengine waidhinishe.

Ila kwa mjamzito mwenye dharura, msisubiri simu ya kikundi. Pigeni 115, huduma ya m-mama, bila malipo.

Jambo dogo la mwisho: bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Katibu wetu alipojaribu alikuta moja asiyoijua kabisa. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza dukani kwenda kuifuta.