Cheo cha Baba Kilipofuta Kura za Wananchi

Vijana wenzangu, sisi tunaosoma sheria tunafundishwa kwamba mahakama ni kimbilio la mpiga kura. Wiki hii nimesoma kesi moja ya Uingereza, nikabaki nimeduwaa.

Mwaka 1942 mwanasiasa wa Labour, William Wedgwood Benn, alipewa cheo cha Viscount Stansgate. Cheo hicho kinarithiwa na mtoto wa kiume mkubwa, na wakati huo mwenye nacho nafasi yake ilikuwa Bunge la Malodi. Mkubwa, Michael, alifia vitani 1944. Zamu ikamwangukia mdogo wake Tony, ambaye tangu 1950 alikuwa mbunge wa kuchaguliwa wa Bristol South East.

Novemba 1960 mzee akafariki. Siku hiyo hiyo, bila kuulizwa, Tony akawa Viscount, na wakati huo Viscount hakuruhusiwa kukaa Bunge la Makabwela. Akasema sikitaki. Eti sheria haina kifungu cha kukataa! Akazuiwa kuingia bungeni.

Mei 1961 ukafanyika uchaguzi mdogo. Tony akagombea tena, akapata kura 23,275. Malcolm St Clair wa Conservative akapata 10,231. Mahakama ya uchaguzi ikampa kiti nani? St Clair! Hoja yao: wapiga kura walijua mtu wao hana sifa, kwa hiyo kura zao zimepotea bure.

Majaji siwalaumu sana. Walisoma sheria ilivyo, na ubovu ulikuwa kwenye sheria yenyewe. Benn alilijua hilo, akaendelea kupigania ibadilishwe. Tarehe 31 Julai 1963 sheria mpya ikapita, na jioni hiyo hiyo akakivua cheo. St Clair, muungwana, akajiuzulu, na Agosti Benn akarudishwa na wananchi. Tena Oktoba, Earl of Home wa Conservative akaitumia sheria hiyo hiyo kuvua cheo chake, ili waziri mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa. Walichokikataa jana, leo kikawafaa wenyewe.

Lakini tusishangilie mapema. Kuvua cheo kulikuwa kwa maisha ya mtu mmoja tu. Benn alipofariki 2014, mwanawe Stephen akawa Viscount Stansgate, na 2021 akaingia Bunge la Malodi kwa cheo hicho hicho. Mlango wa kutokea ulipatikana, nyumba ikabaki imesimama.

Ndiyo maana nasema: tukishinda kesi, tusiende kulala. Tuulize kwanza sheria iliyotuleta mahakamani bado ipo au imefutwa.